Baiskeli za Nyarugusu

Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi na Uvira, Kongo, mwaka 1996, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa huku Kasulu, tulitegemea baiskeli kwa kila mzigo. Ndiyo kazi iliyonilea. Baiskeli ya kiwandani haihimili vilima vya Kigoma ikiwa na gunia la mahindi, kwa hiyo tuliijenga upya uani: uma wa mbele ukaongezewa nondo, keria ikapanuliwa kwa chuma. Raleigh za zamani zilikuja na spoku 32 mbele na 40 nyuma, na ni haki kabisa, maana uzito mwingi hukaa nyuma.

Utamu uko kwenye gia. Toa ya nyuma yenye meno 18, weka ya 22, na mguu utapumua mlimani, ila tambarare utapitwa. Vijana wa mashindano walitaka kinyume chake. Niliwatengenezea, lakini breki nilikagua kwanza. Kisha, ili kunyoosha gurudumu, nalizungusha chaki ikiwa karibu na rimu. Rimu inapoigusa, nakaza spoku za upande wa pili.

Mwaka 2015 walikuja Warundi kwa maelfu, na mafundi wao walitoka kwenye milima ambako baiskeli hushuka na mikungu ya ndizi hadi Bujumbura. Kwa breki, wao ndio walimu wangu.