Kipande cha Ngozi

Yako maradhi yamtesayo mtu mwilini, na yako yamtesayo pia machoni pa watu. Soriasisi hutesa kwa njia zote mbili. Ngozi huota mabaka yenye magamba meupe, hasa viwikoni, magotini na kichwani. Mabaka hayo huwasha, hupasuka, na pengine hutoa damu. Ugonjwa huu hauambukizi. Hata hivyo, kwa karne nyingi huko Ulaya wengi walioupata walidhaniwa kuwa wana ukoma, wakatengwa na watu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 1841 tabibu Ferdinand von Hebra wa mji wa Vienna aliitenga wazi soriasisi na ukoma. Lakini kulijua jina la adui si kumshinda. Chanzo cha maradhi kilibaki fumbo, na sababu moja ilikuwa hii: mtaalamu atakaye kuchunguza ugonjwa kwa kawaida hutafuta mnyama augaye ugonjwa ule ule. Soriasisi ni maradhi ya wanadamu. Panya wa kawaida hawaugui. Basi hapakuwa na budi kumwendea mwanadamu mwenyewe na kumwomba sehemu ya ngozi yake.

Ngozi hiyo hupatikana kwa njia mbili. Watu wengine hutoa ngozi iliyokatwa wakati wa upasuaji, ambayo ingetupwa. Hiyo hutumiwa kupima jinsi dawa ya kupaka inavyopenya. Wengine ni wagonjwa wenyewe. Daktari humtia mgonjwa ganzi, kisha hukata kipande ambacho mara nyingi hakizidi ukubwa wa punje ya mahindi. Mtoaji hubaki na kovu dogo, na huenda yeye mwenyewe asipate faida yoyote.

Vipande hivyo vilisaidia kuamua shauri kubwa. Katika ngozi yenye afya chembe mpya huchukua kiasi cha mwezi mmoja kupanda hadi juu. Katika soriasisi huchukua siku chache tu. Kwa hiyo wataalamu wengi waliamini kwamba kosa limo katika chembe za ngozi zenyewe. Kisha mwaka 1979 ikatangazwa kwamba siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, iliondoa mabaka ya wagonjwa. Swali likazuka: je, mkosaji ni ngozi, au ni askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu?

Mwaka 1996 Tamara Wrone-Smith na Brian Nickoloff, huko Marekani, walichukua kwa wagonjwa ngozi isiyokuwa na baka, wakaipandikiza juu ya panya wasio na kinga ya mwili. Kisha wakaidunga chembe nyeupe za wagonjwa wale wale, baada ya kuziamsha. Ngozi iliyokuwa safi ikawa na soriasisi. Mwaka 2004 wataalamu wa Zurich, nchini Uswisi, wakaona jambo la ajabu zaidi: ngozi safi ya wagonjwa, ikipandikizwa juu ya panya wa namna fulani, iliugua yenyewe bila kudungwa kitu. Askari walikuwa wamekwisha kujificha ndani yake. Walipozuiwa, ugonjwa haukutokea. Siku hizi ziko dawa zinazozuia ujumbe ambao askari hao hupelekeana. Soriasisi haijapata dawa ya kuiondoa kabisa, lakini wagonjwa wengi wameona ngozi zao zikisafika.

Lakini, msomaji, historia ya ngozi katika utafiti ina ukurasa mwingine, nao ni mweusi. Mwaka 1947, baada ya kuhukumiwa kwa madaktari wa Wanazi huko Nuremberg, iliandikwa kanuni kwamba mtu asifanyiwe majaribio bila hiari yake. Hata hivyo, tangu mwaka 1951 hadi 1974, katika gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, daktari Albert Kligman aliongoza majaribio ya dawa na kemikali juu ya ngozi za wafungwa, wengi wao watu weusi. Walilipwa fedha kidogo, na wengi walisema baadaye kwamba hawakuelezwa hatari iliyokuwapo. Mji huo uliomba radhi rasmi mwaka 2022, baada ya wengi wao kufa.

Tofauti iko wapi, ikiwa wote walitumia ngozi ya binadamu? Haiko katika kisu, wala katika elimu ya aliyekishika. Iko katika neno moja: ridhaa. Mgonjwa aliyeelezwa, akaelewa, na angaliweza kukataa bila kunyimwa matibabu, akikubali ametoa zawadi. Mfungwa asiyejua anachopakwa hakutoa kitu, amenyang'anywa.

Huenda miongoni mwenu wapo watakaokuwa matabibu. Siku mtakapoomba kipande cha ngozi, kumbukeni kwamba mwenye ngozi ana haki ya kusema hapana.