Kahawa ya Bukoba na Majina ya Dukani

Ukiagiza kahawa ya Kilimanjaro katika mgahawa wa Tokyo, usidhani ni lazima iwe imechumwa Moshi. Kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa Japani zinaeleza kwamba Kilimanjaro ni arabika iliyozalishwa Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba. Kwa hiyo arabika ya Mbinga na ya Mbozi, zilizo mamia ya kilomita kutoka mlimani, zinaruhusiwa kuvaa jina la mlima. Ya Bukoba imeachwa nje kwa kutajwa waziwazi.

Leo tuitazame kahawa hiyo iliyoachwa nje, maana historia yake inatufundisha jinsi majina ya biashara yanavyozaliwa.

Muda mrefu kabla Emin Pasha hajafungua kituo cha Wajerumani pale Bukoba mwaka 1890, Wahaya walikuwa na kahawa yao, amwani. Haikunywewa, ilitafunwa. Tunda lilichumwa likiwa bado bichi, likachemshwa pamoja na majani ya kulitia ladha, kisha likakaushwa. Mgeni alikaribishwa nayo. Marafiki waliochanjiana udugu waligawana punje mbili za tunda moja, zikiwa zimepakwa damu yao. Upandaji wake ulisimamiwa na Bakama, yaani wafalme.

Wazungu walipoikuta waliipa majina yao. Zimmermann, mtaalamu wa Kijerumani wa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliiita Coffea bukobensis. Baadaye ikathibitika kuwa ni aina ileile ya Kongo na Uganda, ambayo kitaalamu ilikwisha kuitwa Coffea canephora tangu mwaka 1897.

Je, jina la robusta limetoka wapi? Limetoka dukani! Karibu na mwaka 1900, Linden, mfanyabiashara wa miche wa Brussels, Ubelgiji, alikuwa na miche ya kahawa hiyo kutoka Kongo. Wakati huo huko Java ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeteketeza arabika, na wakulima walitafuta mti unaostahimili. Linden akaitangaza bidhaa yake kwa neno la Kilatini lenye maana ya "yenye nguvu". Miche ikanunuliwa, jina likaenea duniani, na leo hata mkulima ambaye mababu zake walitafuna amwani huambiwa kwamba analima robusta.

Nilipopita Rubya, kule Ihangiro, mzee mmoja aliniwekea punje mbili kiganjani. "Angalia mfereji, mwanangu," akasema. "Maneno ya wanunuzi utayasikia baadaye." Punje ya robusta ni ndogo na ya mviringo, na mfereji wake wa katikati umenyooka. Ya arabika ni ndefu kidogo, na mfereji umepinda kama herufi S. Shambani, majani ya robusta ni mapana zaidi. Tunda lake likiiva hung'ang'ania tawi, la arabika huanguka mapema. Na kafeini ya robusta ni karibu mara mbili ya ile ya arabika. Lakini kahawa ikishakaangwa na kusagwa, macho hayasaidii tena. Hapo ndipo jina linapotawala.

Liko pia neno la kupotosha katika soko letu wenyewe. Arabika ya Kagera huitwa "ngumu", na ile ya Kilimanjaro "laini". Ugumu huo si wa punje. Arabika ya Kagera huanikwa juani pamoja na maganda yake, wakati ile ya kaskazini humenywa na kuoshwa kabla ya kukaushwa. Ni tofauti ya maandalizi, ambayo kwenye kikombe huleta tofauti ya ladha.

Wakulima wa Bukoba hawakuwa watu wa kukubali kila waambiwalo. Mwaka 1937 walizipinga kanuni za kahawa za serikali ya kikoloni hadi zikazuka ghasia. Mwaka 1950 wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, BNCU, ili wauze mazao yao kwa sauti moja. Ndiyo maana butura, ule mtindo wa kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, unaudhi kiasi hiki. Serikali imeupiga marufuku, na ni haki. Anayeuza maua ameuza kabla hajajua atavuna kiasi gani, na bei ya kahawa iliyoanikwa vizuri hataiona.

Nasi wa mijini tuna wajibu wetu. Ukishika kopo la kahawa, uliza mambo matatu: ni mti gani, umelimwa wapi, na tunda limekaushwaje. Kopo lisilojibu hayo, hata likichorwa mlima wenye theluji, limekuuzia picha.