Ruzuku Inayokuja Nyuma

Ruzuku na riziki ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Mwenyezi Mungu humruzuku mja wake mtoto, mvua au afya, wala hamdai risiti. Serikali zikalichukua neno, tukapata ruzuku ya vyama vya siasa, ruzuku ya shule, mbolea ya ruzuku. Kwa mkulima wa Tanzania maana yake haina utata: unafika kwa wakala, unataja namba yako ya usajili, unalipa bei pungufu, unabeba mfuko. Nafuu imetangulia.

Sasa mpe mkulima huyo asome habari za REAP, mpango wa Wizara ya Kilimo ya Marekani uliotokana na sheria ya kilimo ya 2002 na kupewa jina hilo 2008. Unawasaidia wakulima na wafanyabiashara wadogo wa vijijini kufunga sola au mitambo ya biogesi, au kuacha kupoteza umeme kwenye pampu na vikaushio vya nafaka. Sheria ya 2022 iliutengea takriban dola bilioni 2 na kuruhusu ruzuku ipande kutoka asilimia 25 hadi 50 ya gharama. Msomaji atasema: kumbe kama mbolea tu, nusu bei!

Sivyo. Tuseme mfugaji wa kuku anataka kubadili taa na feni za banda kwa dola 40,000. Kwanza ifanyike tathmini ya umeme anaotumia, kisha aombe. Akikubaliwa, ni juu yake kuzitafuta dola zote 40,000 na kuwalipa mafundi. Taa zikishawaka ndipo serikali imtolee fungu lake.

Ruzuku ya namna hii, mtafsiri mwenye haraka ataiita "ruzuku ya marejesho", na hapo atakuwa ameharibu kabisa. Katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, marejesho ni hela anazoleta mkopaji, zinahesabiwa mbele ya wote kabla ya kuingia kwenye sanduku la kufuli tatu. Msomaji ataelewa kwamba mkulima ndiye anayeirudisha ruzuku hiyo! Mimi huandika "ruzuku ya kurudishiwa gharama". Ni ndefu, na ina harufu ya ofisi, lakini kitenzi "kurudishiwa", kwa viambishi vyake, kinaonyesha hela zinaelekea kwa nani. Kiswahili kimetupa viambishi hivyo bure. Sioni sababu ya kuvibania.

REAP pia husimama nyuma ya mikopo ya benki, na hapa wengi huandika "dhamana ya mkopo". Lakini dhamana, kwa aliyewahi kukopa, ni hati ya shamba au televisheni iliyobebwa na watu wa kikundi. Napendelea "udhamini wa mkopo": serikali ni mdhamini, na benki huigeukia pale tu mkopaji anaposhindwa kulipa.