Sadaka ya Swali

Usharikani kwetu mnada wa baada ya ibada hauchukui muda. Mkungu wa ndizi, kuku, trei ya mayai. Fedha zinakwenda kwenye bati la zahanati au nauli ya mgonjwa. Siku moja nilipendekeza tuchangie utafiti wa magonjwa. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza kwa upole, "Mchungaji, hiyo tutaiona wapi?" Sikuwa na jibu. Nimelipata baadaye, katika historia ya madaktari wawili waliofanya kazi kwa jirani zetu Uganda.

Denis Burkitt, Mkristo wa sala kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 akiwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wamisionari wawili, alisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, akipita Tanganyika. Kwa wiki kumi waliuliza hospitali moja baada ya nyingine juu ya uvimbe wa taya za watoto. Safari nzima iligharimu pauni 678 tu.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966, swali jingine lilimsumbua. Kule wagonjwa wa kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana walikuwa wengi. Kwa nini Uganda aliwaona wachache? Hakuwa na maabara kubwa, akaandika barua. Kila mwezi fomu fupi zilikwenda kwenye hospitali nyingi za misheni, Afrika na Asia, na madaktari wakazijaza kwa hiari.

Hapo, wapendwa, ndipo sadaka inapoonekana. Hospitali zile zilisimama kwa michango ya Wakristo, wengi wao watu wa kipato kidogo. Walidhani wanalipia kitanda na dawa. Kumbe walikuwa wanalipia pia jibu la swali ambalo hawakuwahi kulisikia.

Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vyao. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita tumboni kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Kwa Waingereza wengi kilichukua zaidi ya siku tatu. Tofauti hiyo waliihusisha na nyuzinyuzi za chakula, zile tunazozitupa tunapokoboa mahindi tupate sembe nyeupe. Mwenzake wa karibu alikuwa Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa karibu miaka thelathini, kisha akabarikiwa kuwa kasisi wa Kianglikana. Mwaka 1971, hukohuko Uingereza, daktari Francis Avery Jones alianzisha mfuko wa hisani wa kuchangia utafiti wa magonjwa ya tumbo. Mfuko huo upo hata leo, kwa jina la Guts UK.

Lakini utafiti ni sadaka inayotaka unyenyekevu. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa ya Marekani yalionyesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi kwa miaka michache hakukuzuia vinyama vya utumboni kuota tena. Tafiti nyingine kubwa zimeendelea kuona kwamba walaji wa nyuzinyuzi nyingi hupata saratani ya utumbo mpana kwa uchache. Anayetoa kwa ajili ya utafiti anakubali kwamba fedha yake inaweza kumwonyesha alipokosea. Kwa mtu wa imani hilo halipaswi kuwa geni, maana kila Jumapili tunaanza kwa kuungama.

Nimemzika mama mmoja aliyeugua tumbo kwa miaka mitatu. Alizunguka kwa madaktari na waombeaji, na hadi leo watoto wake hawajui ni ugonjwa gani uliomchukua. Tulimchangia nauli, na tulifanya vema. Ila nauli ilimfikisha mahali ambapo hapakuwa na mwenye jibu.

Mzee wangu, hiyo sadaka pengine hatutaiona. Mjane aliyetoa senti zake mbili hekaluni naye hakuambiwa zilinunua nini. Mnada ujao nitaomba tena.