Shahada za uchumi kwa wanafunzi wa Mombasa bara

Shahada za uchumi ni programu za chuo kikuu zinazofundisha jinsi jamii inavyogawa rasilimali zake chache, kwa kutumia nadharia, hisabati na takwimu. Makala hii inalinganisha programu zinazoweza kufikiwa na wahitimu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, pamoja na masharti ya kujiunga nazo. Wanafunzi hawa wamekulia ndani ya somo lenyewe: kituo cha pili cha makontena cha bandari ya Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 2016, kiko Kipevu upande wa Changamwe, na eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu liko Likoni. Wanastahili kuujua mlango wa fani hii mapema, kabla ya matokeo kutoka.

Masharti ya kitaifa

Kiwango cha chini cha kusomea shahada nchini Kenya ni wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne (KCSE). Nafasi hugawanywa na KUCCPS, shirika lililochukua kazi ya Bodi ya Pamoja ya Udahili (JAB) baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012.

C+ humfanya mtu aruhusiwe kuomba tu. Kinachoamua ni pointi za klasta, yaani kundi la masomo manne yanayohusiana na shahada inayoombwa. Kwa kanuni inayojulikana shuleni, pointi za masomo manne ya klasta hugawanywa kwa 48, pointi za masomo saba hugawanywa kwa 84, majibu hayo mawili huzidishwa, kisha kipeuo chake cha pili huzidishwa kwa 48. Tuchukue wanafunzi wawili wenye jumla ya pointi 49, yaani C+ kamili. Aliyepata 34 katika masomo ya klasta hufikia takriban 30.9, aliyepata 24 hubaki na takriban 25.9. Wastani ni mmoja, nafasi ni mbili tofauti.

Hisabati imo katika klasta ya uchumi, tena vyuo vingi huiwekea alama yake ya chini, mara nyingi C+. Kwa hiyo mwenye B ya wastani na D ya hisabati hukosa nafasi ambayo mwenye C+ zote mbili anaweza kuiomba.

Programu zilizopo

Vyuo vikuu vya umma vilivyo karibu zaidi ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), kilichoko Tudor kisiwani, na Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Vyote vilipata hati mwaka 2013, na vyote hutoa shahada ya biashara, ambamo uchumi ni sehemu tu ya masomo.

Anayetaka uchumi wenyewe hukuta programu kamili Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambako pia uchumi hufundishwa pamoja na takwimu. Gharama ya kodi na chakula jijini Nairobi ni mzigo ambao anayelala kwao Likoni na kuvuka feri kwenda Tudor haubebi. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopata hati mwaka 2023, hufundisha kwa mtandao, hivyo mwanafunzi husoma bila kuhama kwao.

Nchi jirani

Tanzania hudahili kwa matokeo ya kidato cha sita: kwa kawaida ufaulu katika masomo mawili ya tahasusi (mchanganyiko wa masomo) wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Tahasusi ya EGM (uchumi, jiografia, hisabati) humwandaa mtu moja kwa moja. Makerere nchini Uganda huyapa masomo ya lazima uzito wa 3, na huwaongezea wasichana pointi 1.5. Kwa kuwa Kenya haina kidato cha sita, cheti cha KCSE hulinganishwa kwanza.

Mabadiliko yajayo

KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 imepangwa kufanyika mwaka 2027. Katika mfumo mpya unaoufuata, waliofika gredi ya 10 mwaka 2026 walichagua njia moja ya masomo kati ya tatu, na hisabati ya walio katika sayansi za jamii ni nyepesi kuliko ya walio katika sayansi na teknolojia. Uamuzi unaogusa shahada ya uchumi sasa unafanywa na mtoto wa miaka kama 15. Mzazi na mwalimu wa Mombasa bara wanapaswa kuyasoma masharti ya vyuo pamoja naye kabla hajajaza fomu ya njia hiyo.