Jina la Ruiru na Alama Yake

Msomaji wangu, reli itokayo Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, nayo ilipitia Ruiru. Ramani huandika "Ruiru". Lakini kwa Kikuyu mji huo ni Rũirũ. Lugha hiyo ina vokali 7, na herufi za Kirumi za vokali ni 5 tu. Ndipo i na u zikavikwa kiwimbi. Mashine za chapa za Kiingereza hazikuwa nacho, na simu nyingi hukificha hata leo. Basi fungua mipangilio ya simu yako, uiagize kwamba kila uandikapo "ruiru" itokee "Rũirũ". Mashine ni mtumishi. Usipoifunza jina la kwenu, itakufunza kulisahau.