Leipzig, Mji Uliofanya Magazeti Kuwa Somo

Mwaka 1690 kijana mmoja aitwaye Tobias Peucer aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Leipzig tasnifu ya Kilatini yenye vifungu 29. Hakuandika juu ya Biblia wala sheria za Warumi. Aliandika juu ya magazeti: nani huandika habari, kwa nini watu huzitamani, na msomaji atajuaje kuwa alichosoma ni kweli. Alieleza bila kuficha kwamba gazeti husukumwa na mambo mawili, hamu ya watu ya kujua yaliyo mapya na faida ya mchapaji. Akawaonya waandishi wasichape upuuzi, wasianike mambo ya faragha, wala wasisambaze uvumi kabla ya kuupima. Wanahistoria wa taaluma ya habari huihesabu kazi hiyo kuwa tasnifu ya kwanza ya chuo kikuu kuhusu uandishi wa habari.

Si ajabu kwamba jambo hilo lilianzia Leipzig. Mji huo ulikuwa wa maonyesho ya biashara, njia kuu za posta zilikutana hapo, na wachapaji walikuwa wengi. Ndipo mahali ambapo Timotheus Ritzsch, mwaka 1650, alianza kuchapa gazeti la siku sita kwa juma, linalotajwa kuwa gazeti la kwanza la kila siku duniani. Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma, na jeshi la Uswidi lililoushika mji tangu 1642 lilikuwa ndiyo kwanza linaondoka. Kwa mfanyabiashara wa wakati huo, kujua ni njia ipi iliyo salama na mfalme yupi anakusanya askari lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Baada ya Peucer, vyuo vikuu havikuyapa magazeti uzito mkubwa kwa miaka zaidi ya 200. Profesa aliyasoma asubuhi kisha akayaweka kando, akarudi kwenye vitabu vyake.

Mwaka 1910, kwenye mkutano wa kwanza wa wanasosholojia wa Ujerumani mjini Frankfurt, mwanasosholojia Max Weber alitoa pendekezo lililosikika kuwa la ajabu. Alitaka magazeti yachunguzwe kisayansi, na kazi ianze kwa mkasi na bikari: watafiti wakate kurasa, wapime kila safu, waone ni nafasi kiasi gani imepewa siasa, kiasi gani hadithi, kiasi gani matangazo, na vipimo hivyo vimebadilikaje kwa miaka. Baada ya hapo ndipo waulize maswali mazito kuhusu nguvu ya magazeti juu ya watu. Mradi wenyewe haukufika mbali, na Weber mwenyewe alijikuta mahakamani katika ugomvi uliohusu gazeti. Lakini wazo lilibaki. Kila mtafiti anayehesabu leo dakika ambazo taarifa ya habari ya jioni imewapa wagombea anafuata njia ile ile.

Aliyelipa wazo hilo makao ni Karl Bücher. Huyu alikuwa mchumi aliyewahi kufanya kazi katika gazeti la Frankfurter Zeitung, kwa hiyo alikijua chumba cha habari kwa ndani. Katikati ya Vita Kuu ya Kwanza aliona jinsi magazeti ya nchi zote zilizopigana yalivyogeuka mdomo wa majeshi, akaudhika sana. Novemba 1916 akafungua Leipzig taasisi ya elimu ya magazeti, ya kwanza ya aina yake Ujerumani. Aliamini kwamba mwandishi aliyesoma vizuri hadanganyiki kwa urahisi.

Mchango wake mkubwa, hata hivyo, ulitokana na uchumi. Bücher alitazama hesabu za gazeti akaona kwamba bidhaa halisi inayouzwa humo ni nafasi ya matangazo. Habari zipo ili nafasi hiyo ipate mnunuzi. Baada ya vita alipendekeza matangazo yaondolewe kwenye magazeti ya watu binafsi, yachapwe na manispaa, ili gazeti la siasa liishi kwa fedha za wasomaji wake peke yao. Wenye magazeti hawakulipenda pendekezo hilo, na halikutekelezwa. Lakini swali lake lilikuwa la haki kabisa: anayelipa ni nani, na anapata nini?

Mwaka 1926 uongozi wa taasisi ya Bücher ulichukuliwa na Erich Everth, mtu anayestahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa. Februari 1933, Hitler akiwa ameshika madaraka majuma machache tu, wasomi na wasanii walikutana Berlin kutetea uhuru wa kusema. Everth alikwenda kuutetea uhuru wa magazeti. Katika fani yake nzima, ni yeye peke yake aliyefanya hivyo hadharani. Mwaka huo huo aliondolewa chuoni, na mwaka 1934 akafariki. Nafasi yake ikapewa Hans Amandus Münster, mwanachama wa chama cha Wanazi, na taasisi iliyozaliwa kwa kuchukia propaganda ikawa mahali pa kuifundisha.

Vita vya pili vilipokwisha, Leipzig ikaangukia upande wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1954 chuo, kilichokuwa kimepewa jina la Karl Marx, kilifungua kitivo cha uandishi wa habari, mahali pekee katika nchi hiyo palipotoa shahada ya fani hiyo. Watu walikibandika jina la Monasteri Nyekundu. Wanafunzi walifundishwa, kwa kumfuata Lenin, kwamba gazeti ni mwenezi, mhamasishaji na mratibu wa chama tawala cha kikomunisti.

Upande wa Magharibi, mwaka 1962, mwanafalsafa Jürgen Habermas alichapisha kitabu chake kuhusu mabadiliko ya uwanja wa mijadala ya umma. Alirudi kwenye nyumba za kahawa za London na magazeti ya karne ya 18, ambako wafanyabiashara na wasomi walijadili mambo ya serikali bila kuulizana vyeo. Kisha akaeleza jinsi mjadala huo ulivyomezwa na biashara, na hapo alimnukuu Bücher na hoja yake ya matangazo. Wakosoaji, akiwemo Nancy Fraser, walimkumbusha kwamba wanawake na wafanyakazi hawakukaribishwa kwenye meza zile, na kwamba walikuwa na mabaraza yao wenyewe. Wanasema kweli, na Habermas alikubali sehemu kubwa ya ukosoaji huo.

Kitabu hicho kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, mwaka ambao Leipzig yenyewe ilitoa mfano ambao hakuna mtafiti aliyeutarajia. Tarehe 6 Oktoba gazeti la chama mjini humo lilichapa barua ya kamanda wa mgambo iliyotishia kuwazima waandamanaji walioipinga serikali hata kwa silaha. Jumatatu, tarehe 9, watu wapatao 70,000 waliingia mitaani hata hivyo. Jioni hiyo vipaza sauti vya manispaa vilivyofungwa barabarani, vilivyozoea kutoa sauti ya serikali, vilisoma wito wa watu sita, akiwemo kiongozi wa okestra Kurt Masur na makatibu watatu wa chama, uliotaka utulivu na mazungumzo. Hakuna risasi iliyopigwa. Juu ya mnara wa kanisa, Aram Radomski na Siegbert Schefke walikuwa wamejificha wakirekodi kwa kamera ya video. Kanda ilivushwa kwa siri hadi Berlin Magharibi, na kesho yake usiku televisheni ya Magharibi ikaionyesha, ikatazamwa pia na mamilioni ya watu wa Mashariki. Monasteri Nyekundu haikudumu baada ya hapo.

Ujerumani ilipoungana, swali la mjadala wa umma likahamia Ulaya nzima. Uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja wa Bunge la Ulaya, uliofanyika kabla ya hapo mwaka 1979, ulikuwa umevuta karibu asilimia 62 ya wapiga kura. Mtafiti Jay Blumler wa Chuo Kikuu cha Leeds aliongoza utafiti wa jinsi televisheni za nchi tisa zilivyoutangaza. Kila uchaguzi uliofuata ulivuta sehemu ndogo zaidi ya wapiga kura, hadi asilimia 42.6 mwaka 2014, ndipo kiwango kikapanda tena kupita nusu mwaka 2019. Mwanasheria Dieter Grimm alidai mwaka 1995 kwamba Ulaya haiwezi kuwa na demokrasia kamili bila mjadala wa pamoja, na mjadala huo haupo kwa sababu magazeti na lugha ni za kila taifa. Habermas alimjibu kwamba mjadala hujengwa pamoja na taasisi, haungojwi uje kwanza. Watafiti wakarudi kupima safu na dakika: Ulaya inatajwa mara ngapi, na sauti za nchi jirani zinasikika kiasi gani?

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya uhuru wa vyombo vya habari, iliyoanza kutumika kwa sehemu kubwa Agosti 2025, inavitaka vyombo vya habari vitaje wamiliki wake na fedha za matangazo vinazopokea kutoka serikalini. Bücher alidai mageuzi mazito zaidi ya hayo yapata miaka 100 iliyopita, akapuuzwa.